Nani Ashike Upanga?

Msafiri atokaye mjini Kasese kuelekea Bwera na mpaka wa Kongo hufika Muhokya mapema, barabara ikiwa bado kaskazini ya mstari wa Ikweta. Kulia kwake husimama milima ya Rwenzori, na kushoto nchi huteremka taratibu hadi Ziwa George. Mtoto aliyezaliwa mahali hapo hana haja ya kuelezwa jinsi theluji iwezavyo kukaa juu ya nchi ya joto. Wakonzo walikuwa na neno lao la theluji, nzururu, zamani sana kabla ya mwaka 1888, ambapo watu wa msafara wa Henry Morton Stanley waliiona kwa mara ya kwanza na kudhani kuwa wamevumbua jambo.

Basi mtoto huyo akifungua kitabu cha Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambacho tafsiri yake ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1929, hawezi kujiona mgeni humo. Atakuta milima miwili mirefu yenye theluji ikisimama juu ya nchi kavu, na ng'ambo yake machimbo ya zamani. Naye anajua kuwa huko Kilembe, upande wa juu wa Kasese, watu waliingia ndani ya mlima kuchimba shaba tangu mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwandishi wa kitabu, Mwingereza Rider Haggard, hakuifikiria Kasese hata kidogo, kwani yeye aliishi Afrika ya Kusini, na hadithi yake aliiweka huko kusini. Inasimuliwa kwamba aliiandika kwa sababu ya kubishana na ndugu yake, aliyemwambia kuwa hawezi kuandika kitabu chenye hata nusu ya uzuri wa Treasure Island cha Robert Louis Stevenson, kile ambacho wasomaji wa Kiswahili walikipata kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Kitabu cha Stevenson kilitoka mwaka 1883, na cha Haggard mwaka 1885. Ubishi wa nyumbani haujapata kuzaa matunda mengi kama hayo.

Vitabu hivyo viwili ni vya ukoo mmoja mkubwa: hadithi ambazo shujaa wake huingia hatarini kwa ajili ya heshima, rafiki au hazina, na hutoka humo kwa ncha ya upanga. Mzee wa ukoo huo ni Alexandre Dumas wa Ufaransa, mtunzi wa The Three Musketeers ya mwaka 1844, hadithi ya askari wa mfalme wasioachana katika shida. Wasomaji walio katika majeshi huenda wakafurahi kujua kwamba baba yake Dumas alikuwa jenerali katika jeshi la Ufaransa, na kwamba bibi yake mzaa baba alikuwa mwanamke mweusi, mtumwa katika kisiwa ambacho sehemu yake leo ndiyo nchi ya Haiti. Dumas hakungoja mtu mwingine azipeleke hadithi zake jukwaani. Alizigeuza michezo mwenyewe, na mwaka 1847 akafungua jumba lake la michezo mjini Paris.

Hapo ndipo penye jambo la kutazamwa kwa makini. Kitabu kinaweza kubeba jeshi zima kwa gharama ya wino. Jukwaa haliwezi, kwa kuwa lina upana wa hatua chache, na kila mtu anayesimama juu yake ataka kulipwa. Kwa hiyo mtu anayegeuza hadithi ya vita kuwa mchezo hulazimika kuwafukuza watu wengi na kubakiza wawili, akawapa kila mmoja upanga. Vita vya mataifa hugeuka kuwa ugomvi wa watu wawili juu ya ngazi. Watazamaji hushangilia, na hawaulizi wale wengine wamekwenda wapi.

Sinema ilipokuja ilirithi desturi hiyo, ingawa ilikuwa na fedha za kuajiri jeshi. Mfano mzuri ni Stewart Granger, mchezaji wa Kiingereza aliyekuwa na kimo na sauti. Mwaka 1952 alitokea katika filamu mbili za aina hii, zote kutoka vitabuni. Katika The Prisoner of Zenda alikuwa mfalme na mtu anayefanana na mfalme, kwa pamoja. Katika Scaramouche alipigana kwa upanga ndani ya jumba la michezo, juu ya viti na kingo za roshani, kwa zaidi ya dakika sita bila kupumzika. Wanaokijua kitabu cha Scaramouche hukumbuka kuwa adui wa shujaa anagunduliwa mwishoni kuwa ni baba yake. Filamu ilimgeuza akawa ndugu yake. Labda waliogopa kuwaudhi watazamaji, au labda walimtaka adui awe kijana wa kuweza kuruka viti.

Lakini kabla ya hayo Granger alikuwa amekuja Afrika ya Mashariki. Mwishoni mwa mwaka 1949 kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ya Marekani ilileta watu wake na mitambo yake kuipiga filamu ya King Solomon's Mines. Walipita Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo na Rwanda, na katika Uganda walipiga picha kwenye maporomoko ya Murchison, pale ambapo Mto Nile unajipenyeza katika ufa mwembamba wa mwamba. Filamu ilionyeshwa mwaka 1950, ikapata tuzo mbili za Oscar, ya upigaji wa picha na ya uhariri. Haikuwekewa muziki wa bendi kubwa kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Zinasikika ngoma na nyimbo za Kiafrika, na hilo peke yake lingetosha kuifanya ikumbukwe.

Sasa na vilinganishwe kitabu na filamu hiyo. Katika kitabu, wanaume watatu wa Kiingereza wanasafiri kumtafuta ndugu wa mmoja wao. Msimulizi, Allan Quatermain, ni mzee mfupi mwenye mvi, anayekiri mara kwa mara kuwa ni mwoga, na anayejisifu kwamba hadithi yake karibu haina mwanamke. Katika filamu, Quatermain ni Granger mwenye mabega mapana, na anayetafutwa ni mume wa bibi mmoja, aliyechezwa na Deborah Kerr. Nusu ya kwanza ya filamu inahusu zaidi jinsi bibi huyo na kiongozi wake wanavyogombana hadi wakapendana. Wenye kukipenda kitabu walinung'unika, na walikuwa na haki. Hata hivyo bibi huyo anavumilia njia ndefu kuliko wanaume, na hakuna ubaya wa mke wa askari kuliona hilo.

Jambo zito zaidi linamhusu mtumishi wa msafara, Umbopa. Katika kitabu anajiunga nao kama mpagazi mwenye maneno machache na kiburi kingi. Baada ya jangwa na theluji, anavua nguo na kuonyesha alama ya nyoka aliyezungushwa kiunoni. Yeye ni Ignosi, mfalme halali, ambaye baba yake aliuawa na ambaye kiti chake kimekaliwa na Twala, mtu katili. Nchi inagawanyika, na vita vinatokea. Humo mna kurasa zinazostahili kusomwa na kila mtu aliyepata kuvaa sare. Kikosi kimoja cha askari wazee, Kikosi cha Kijivu, kama mtu angelitafsiri jina lake, kinaamriwa kuziba njia nyembamba na kuwazuia maadui wengi mno, ili vikosi vingine vipate nafasi ya kuzunguka na kushambulia kutoka pembeni. Askari hao wanajua maana ya amri ile. Wanaambiwa wazi kwamba watakufa, wanapiga saluti, na wanakwenda. Zaidi ya elfu tatu walisimama pale mchana, na jioni waliobaki hawakufika mia moja. Kamanda wao, mzee Infadoos, yumo kati yao.

Kisha Twala anashindwa, na anaomba haki yake ya kufa akipigana. Naye anapigana na nani? Si Ignosi. Anapigana na Sir Henry Curtis, Mwingereza, kwa mashoka, na Curtis ndiye anayemkata kichwa. Ignosi, ambaye baba yake aliuawa, ambaye nchi ni yake na jeshi ni lake, amesimama kando akitazama mgeni akimlipia kisasi. Haggard alimpa mfalme wake maneno ya fahari kuliko mtu yeyote kitabuni, hata mwishoni anawaambia wageni wake kwamba hataruhusu wafanyabiashara waje nchini mwake na bunduki na pombe. Lakini ile saa ya upanga alimnyima.

Filamu ya 1950 ilifanya kinyume. Vita vikubwa havimo. Kikosi cha Kijivu hakimo, wala ile amri, wala wale waliokufa katika njia nyembamba. Walioandika filamu walifuata sheria ya zamani ya jukwaa, wakawaondoa wengi na kubakiza wawili. Lakini wale wawili ni Umbopa na Twala wenyewe. Umbopa alichezwa na mtu wa Rwanda aliyeitwa Siriaque, mrefu, mtulivu, asiyefanya haraka, na ni yeye anayepigania kiti chake kwa mkono wake huku Waingereza wakitazama. Ni vigumu kuamua kama waandishi wa Hollywood walikusudia kurekebisha dhuluma ya miaka sitini na mitano, au waliona tu kwamba pambano la namna hiyo litapendeza zaidi machoni. Vyovyote iwavyo, katika hilo filamu ni ya haki kuliko kitabu, na katika lile la askari waliokufa kitabu ni cha haki kuliko filamu.

Kulikuwa na filamu nyingine ya hadithi hiyohiyo, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1937, ambayo Umbopa wake alikuwa Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mweusi. Walimfanya aimbe katikati ya jangwa, jambo ambalo msafiri mwenye kiu hawezi kuliamini, ingawa sauti yenyewe inasamehewa mengi. Robeson alikuwa tayari ameonja uchungu wa kazi hiyo katika Sanders of the River ya mwaka 1935, iliyotoka katika hadithi za Edgar Wallace. Ilipokamilika aliona kuwa imegeuzwa kuwa sifa za utawala wa kikoloni, akaikana. Katika filamu hiyo, miongoni mwa watu waliokodiwa kuvaa mavazi ya Kiafrika na kujaza uwanja, alikuwamo mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiishi Uingereza: Jomo Kenyatta, baadaye Rais wa kwanza wa Kenya.

Uganda iliendelea kupigwa picha. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alikuja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kuitengeneza The African Queen, kutoka katika kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935. Walifanya kazi Kongo kwanza, kisha Butiaba kwenye Ziwa Albert na karibu na maporomoko ya Murchison. Maji machafu yaliwaangusha watu wengi wa msafara kwa ugonjwa wa tumbo. Mke wa Bogart, Lauren Bacall, aliyekuwa mchezaji maarufu mwenyewe, alifuatana na mumewe bila kuwamo katika filamu, akasaidia jikoni na kuwauguza wagonjwa. Picha ambazo wachezaji wanaonekana wakiwa wamezama ndani ya maji zilipigwa Uingereza, katika matangi, kwa kuwa mito ya Afrika ilionekana kuwa ya hatari mno kwa watu wenye mishahara mikubwa. Bogart alipata tuzo ya Oscar. Katika kitabu mtu wake ni Mwingereza wa mitaa ya London, lakini kwa kuwa Bogart hakuweza lafudhi hiyo, alifanywa kuwa Mkanada, na mambo yakaisha.

Filamu hiyo ni nzuri sana, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Lakini hesabu ya watu humo ni ya kushangaza. Mwanzoni kuna kijiji kizima katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1914. Askari wanakuja, kijiji kinachomwa, wanakijiji wanachukuliwa. Baada ya hapo hadithi haiwatafuti tena. Wanabaki mwanamume na mwanamke ndani ya mashua, na mto mzima ni wao, hadi ziwani wanakokusudia kuizamisha manowari ya Wajerumani. Katika kitabu wanashindwa, na kazi inamalizwa na mashua za kijeshi za Waingereza. Katika filamu mashua yao iliyozama ndiyo inayoilipua manowari, maana Hollywood haikupenda watu waliosafiri mbali namna ile warudi mikono mitupu.

Nyuma ya hadithi hiyo kuna jambo la kweli, na katika jambo la kweli mto ulikuwa na watu. Mwaka 1915 serikali ya Uingereza ilipeleka mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kutoka London hadi Ziwa Tanganyika. Zilikuja kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Kongo, na mahali ambapo reli ilikoma zilikokotwa porini na kupandishwa milimani kwa magari ya mvuke na kwa ng'ombe. Njia yenyewe ilikatwa na vibarua wa Kiafrika, waliofyeka msitu, wakajenga madaraja moja baada ya jingine, na kuvuta kamba pale mitambo iliposhindwa. Siku ya tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli ya Kijerumani iitwayo Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 meli ya Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai 1916 ili isianguke mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ikawabeba abiria wa Tanganyika na baadaye wa Tanzania kwa miongo mingi. Akina mama waliopanda Liemba na magunia ya dagaa walikuwa wamekaa juu ya manowari ya sinema bila ya kujua, wala bila ya kujali.

Katika Uganda ya leo filamu za zamani na mpya huwafikia watu wengi kwa njia nyingine tena. Katika vibanda vya video huketi msimulizi mwenye kipaza sauti, ambaye hufasiri maneno ya wachezaji kwa Kiganda au lugha nyingine ya nchi, na huongeza mengi ya kwake. Wako wanaomlaumu kwa kuharibu kazi ya wenyewe. Lakini yeye hafanyi ila lile alilolifanya Dumas mjini Paris na Hollywood huko Murchison: anachukua hadithi ya mtu na kuipa watu wa mahali pake. Mtu aliyesimama nyuma ya Bwana kwa dakika tisini bila ya neno, msimulizi humpa maneno, na kwa kawaida maneno hayo ndiyo yanayochekesha kuliko yote.

Njia iliyo rahisi kuliko zote, hata hivyo, ni uwanja wa kambi siku ya Jumamosi. Kambi ya polisi au ya jeshi ina kitu ambacho kampuni ya sinema hulipia fedha nyingi: watoto wengi wa umri mbalimbali wasiokuwa na kazi alasiri. Hadithi ya Ignosi inatosha kuchezwa kwa saa moja ikichukuliwa sehemu tatu tu. Kwanza, alama ya nyoka inaonyeshwa. Pili, Kikosi cha Kijivu kinapewa amri na kuziba njia, na hapa watoto thelathini au arobaini wote wana nafasi, hata wadogo, maana kila mmoja anajua kusimama mstarini na kila mmoja anapenda kuanguka. Tatu, pambano la mwisho, na hilo apewe Ignosi kama katika filamu ya 1950, si Curtis. Mtoto atakayekuwa Infadoos asiwe mkubwa kuliko wote, bali yule mwenye sauti inayosikika.

Mapanga yakatwe katika mabua ya mahindi yaliyokauka, ambayo huvunjika kabla ya kuumiza, na ngao zitoke katika maboksi ya sabuni. Wawili wanaopigana wafundishwe hatua zao kwa kuhesabu, polepole, siku tatu kabla, na kila pigo lielekezwe kwenye silaha ya mwenzake, kamwe si kwenye uso. Wapiganaji wa sinema hufanya vivyo hivyo, na ndiyo sababu Granger aliweza kumaliza dakika zake sita akiwa na macho yote mawili.

Rangi ya Kikosi cha Kijivu itoke mekoni: jivu la kuni lililochekechwa na kupoa kabisa, likapakwa mikononi na miguuni. Chokaa ya Muhokya, ile inayotoka katika tanuru, isitumiwe hata kama ni nyeupe na iko karibu, kwa kuwa ikikutana na jasho huchoma ngozi, na ikiingia jichoni huweza kulipofusha. Nyoka wa Ignosi huchorwa kiunoni kwa makaa yaliyosagwa na kukorogwa na mafuta kidogo ya kupikia, na hutoka kwa sabuni na maji ya vuguvugu.